Mnaouliza watu wa picha zangu wamevaa "kizungu" kwa nini: someni kuhusu Dar ya 1968 (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nisiwazungushe. Mimi ni binti, nachora, nipo Dar. Kila nikipandisha kazi mtandaoni nakutana na swali lile lile. Wengine wanauliza kwa nia njema, wengine kwa kejeli: "Mbona watu wako wamevaa kizungu? Hizo Afro, hizo suruali pana, hivyo vigauni vya juu ya goti, umetoa Pinterest?" Leo nimeamua kujibu kwa kirefu na kuweka wazi nakula wapi kisanaa. Asiyependa nyuzi ndefu apite salama, hatugombani.

Jibu fupi: nimetoa hapa hapa Dar es Salaam. Tena Dar ya mwaka mmoja, 1968.

Angalieni mwaka huo ulivyojaa. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, kikaanza kumwaga kanga na vitenge. Karibu na mwaka huo huo, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga na vibarua vya mjini, Edward Saidi Tingatinga, alishika brashi. Na Oktoba ya mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, marufuku mawigi, marufuku suruali za kubana, marufuku krimu za kujichubua.

Kitambaa, rangi na amri, vyote ndani ya mji mmoja na karibu kwa wakati mmoja. Mtu anayetaka kuwachora watu wa mji huu aanzie wapi kama si hapo?

Nitaendelea kwa vipande. Kwanza uchoraji, halafu muziki, halafu mavazi. Ingawa kusema kweli vitatu hivi sivitenganishi, naviweka hivyo ili msichoke.

#2

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila uzi bila picha haujakamilika mkuu, wewe mwenyewe unajua.

#3 – Mleta uzi

Picha zitakuja, tulia.

UCHORAJI. Naanza na Tingatinga maana ndiye tunayempita haraka kuliko wote. Tumezoea kuona twiga wake na tembo wake wakining'inia kwenye maduka ya watalii, tukahitimisha kwamba ni biashara ya zawadi. Lakini chukua kipande kimoja cha zamani ukitazame kwa karibu. Ubao wa silingi uliokatwa mraba, kama sentimita 60 kwa 60. Rangi ya mafuta ile ya kung'aa, ambayo mafundi walipakia baiskeli. Mnyama mmoja, mkubwa, amejaa ubao mzima. Basi.

Mimi nachorea rangi hiyo hiyo, kwa hiyo nitawaambia kitu ambacho hamtakiona kwenye picha ya simu. Rangi ya mafuta ina tabia zake. Ukiipaka nene kwa pupa, juu inakauka na chini bado mbichi, na kesho yake inakunjamana kama utando wa maziwa. Kwa hiyo nyuma unapaka tabaka nyembamba, unaiacha ilale usiku kucha, unapitisha msasa laini, unapaka tena. Ndipo unaingia na umbo. Halafu yale madoa: unachovya brashi ishibe, unagusa kwa ncha, unaondoa mkono. Hupaki. Rangi yenyewe inajisawazisha na kuwa duara, imetuna kidogo, inang'aa. Madoa ya chui wa Tingatinga yamekaa vile kwa sababu ndivyo rangi ile inavyotaka kukaa. Mtu aliisikiliza rangi ya bei rahisi mpaka ikampa mtindo.

Aliuawa mwaka 1972, polisi walimpiga risasi wakidhani gari alilokuwamo ni la majambazi. Alichora kwa kama miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ukasajiliwa, na mpaka leo ukienda Oysterbay utawakuta wamekaa chini wanapiga kazi.

Mimi yale madoa nayahamishia kwenye nywele. Afro zote za kwenye picha zangu ni madoa ya Tingatinga, meusi juu ya kahawia iliyokolea. Anayesema nimeiga Wamarekani weusi aisogelee ile nywele aitazame.

Wa pili ni George Lilanga. Mmakonde wa Masasi, alifika Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa Dar mwaka 1972, akaanza kama mlinzi. Baadaye mashetani wake wakazunguka dunia nzima. Watu wanasema mashetani wa Lilanga wanachekesha, ni kweli, ila mimi nilichokipenda ni kwamba wana shughuli. Wanabeba ndoo, wanagombana, wanacheza ngoma, wamevaa kaptula za madoadoa. Hakuna shetani aliyesimama tu akipigwa picha. Lilanga amenifundisha kwamba nguo kwenye picha lazima iwe inafanya kazi: imevutwa, imeloa jasho, imebanwa kwapani.

Wa tatu yupo hai na ni kijana mwenzetu, Sungi Mlengeya, aliyezaliwa 1991. Aliacha kazi ya benki akaingia kwenye kuchora. Anachora wanawake weusi juu ya nyeupe tupu, na nguo zao ni nyeupe ile ile ya nyuma, kwa hiyo vazi unaliona kwa kukosekana kwake. Unaona mkono, shingo, goti, na jicho lako ndilo linaloshona gauni. Mimi kazi zangu zimejaa kama daladala la saa kumi na mbili jioni, sifanani naye hata kidogo, lakini kila nikitaka kuongeza ua moja zaidi kwenye kitambaa namkumbuka, naiweka brashi chini.

Wa nje ya hapa nitawapitia haraka. Basquiat, yule mchoraji Mmarekani mweusi, kila mtu anamtaja, nami namheshimu, ila zaidi kwa sababu alikuwa na bendi, alichora wanajazi, na mwaka 1987 alipanda jukwaani kuonyesha mavazi ya Comme des Garçons. Kwake hivi vitu havikuwa na kuta. Anayenigusa kweli ni mpiga picha Malick Sidibé wa Mali. Ile picha ya mkesha wa Krismasi 1963 kule Bamako: kijana wa kiume na suti yake, binti miguu peku, vichwa vimeinamiana karibu kugusana, wanatazama miguu yao inavyocheza. Bamako ile, Dar ile, vijana wale wale, miaka michache baada ya uhuru.

#4

Dada umeandika vizuri lakini hujajibu swali. Sketi fupi ni ya London, Afro ni ya Marekani, bugaluu, hizo suruali pana chini, sijui ya wapi. TANU walikuwa sahihi kutaka utamaduni wetu. Wewe unatukuza kile kile walichokikataa wazee wetu.

#5 – Mleta uzi

Mkuu, swali zuri. Tukubaliane kwanza wazee wetu walikuwa wengi na hawakusema kitu kimoja. Tangazo lilipotoka barua zilimiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Kuna waliouliza: kama sketi ni ya kigeni, suti na tai alizovaa kiongozi je? Mshona suti wa kwanza alikuwa Mzaramo?

Halafu angalia hili. Kipindi hicho hicho serikali ilikuwa na kampeni nyingine ya kuwataka Wamasai waache rubega na kujipaka ngeu, wavae "nguo za kisasa". Kwa hiyo binti wa Kariakoo anaambiwa amezidisha usasa na kijana wa Monduli anaambiwa hana usasa wa kutosha. Wote wawili wamekosa, kwa amri za upande ule ule. Hapo huwezi kuniambia kwamba kulikuwa na vazi moja la utamaduni wetu lililokuwa likilindwa. Watu walikuwa wanabishana kuhusu mwili wa nani unaamuliwa na nani.

Na waliolipa gharama ni wanawake. Oktoba ile makundi ya vijana yaliwavamia wanawake kwenye vituo vya basi Kariakoo kwa ajili ya nguo walizovaa, mpaka polisi wa kutuliza ghasia wakaingia kati. Sijawahi kusoma kwamba mwanamume wa suruali ya kubana alikimbizwa namna ile.

Sitetei sketi. Nachora goti lililosababisha mjadala wa taifa zima.

#6

Binti, mimi nilikuwa kijana miaka hiyo. Nimesoma ulichoandika nikatabasamu. Nyongeza ndogo: bugaluu nyingi hazikutoka dukani. Unanunua kitambaa cha terilini, unampelekea fundi wako, anakukatia. Asiye na uwezo anachukua suruali yake ya kawaida, fundi anaipasua pembeni kutoka gotini kwenda chini, anaingiza pembetatu ya kitambaa. Mwenye mbwembwe anaweka pembetatu ya rangi nyingine kabisa. Baadaye zikaja suruali za pekosi, halafu na raizoni, viatu vile vya soli nene. Ukivaa raizoni kwenye vumbi la Magomeni unatembea kwa adabu, si kwa kupenda, usije ukateguka.

Jumatatu mpaka Ijumaa mtu huyo huyo yuko ofisini na Kaunda suti. Tusiwachore kama walikuwa wahuni tu.

#7 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hiyo pembetatu ya rangi nyingine imenitoa machozi, maana nimekuwa nikiiona kwenye picha za studio nikidhani ni kivuli. Asante sana. Nitaichora na kanga, kama kuna fundi aliyewahi kuthubutu.

#8

Marahaba. Kanga hatukuweka, mama angekuua. Kitenge ndiyo.

#9

Asalaam aleikum. Mie niko Unguja. Huku kwetu mambo hayo yalikuwa makali zaidi, miaka ya sabini vijana wa chama walikuwa wakisaka bugaluu na nywele ndefu mitaani, na bado jioni watu wanakwenda sinema wakirudi wanajua nini cha kumwambia fundi. Dada, ukija Mji Mkongwe pita Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta. Iko tangu 1930, aliianzisha Ranchhod Oza, mwanawe akaendeleza. Kuta zimejaa picha. Utaona mabwana harusi, vijana wamejipanga, kola zimefika mabegani.

Na kumradhi, umemsahau mtu wetu mkubwa.

#10 – Mleta uzi

Wa aleikum salaam. Sijamsahau, nilikuwa namsubirisha kwenye mavazi lakini ngoja nimtoe sasa hivi: Lubaina Himid. Amezaliwa Zanzibar 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga wa miezi michache, mama yake mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 akatwaa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ana kazi nyingi alizozipanga kama kanga: pindo pande zote, mji katikati, na jina la kanga, yaani ule usemi, chini. Mtu kaondoka kisiwani hajaota meno, na bado mpangilio ule umemfuata.

Kanga kwangu ndiyo shule ya kupanga picha. Hebu ifikirieni kama mchoraji. Una mstatili. Lazima uwe na pindo, na pindo la pande za mwisho linapishana na la juu na chini. Lazima uwe na mji. Na lazima uwe na sentensi moja, isiyozidi upana wa makalio, inayoweza kumtukana jirani bila kumtaja. Kanga za mwanzo maandishi yake yalikuwa ya herufi za Kiarabu, za Kirumi zikaja baadaye. Mombasa kuna watu wa Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", wako kwenye biashara hiyo tangu 1887. Jina lao limeandikwa kwenye pindo, yaani sahihi ya msanii, na bado tunauliza sanaa ya kisasa ilianza lini huku kwetu.

Kila picha yangu ina jina chini. Silitungi mimi. Nayaokota kwenye kanga za ndani ya nyumba.

#11

Naomba kuuliza kijinga: muziki unaingiaje kwenye uchoraji? Au ni ile ya kuweka spika pembeni wakati unachora?

#12 – Mleta uzi

Si swali la kijinga, ndiyo sehemu ya pili yenyewe.

MUZIKI. Amri za mavazi hazikutosha. Novemba 1969 ikatoka amri nyingine, muziki wa soul marufuku Dar es Salaam. James Brown na wenzake waondoke kumbini. Sasa fikiria wewe ni kijana wa Ilala, mwaka jana umeambiwa suruali yako ina kosa, leo unaambiwa na nyimbo unazochezea suruali hiyo zina kosa.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Soul haikufa, ilibadilisha nguo. Miaka michache baadaye Dar ikawa na bendi inaitwa Sunburst, vijana waliochanganya soul, roki na midundo ya hapa. Rekodi zao za 1973 mpaka 1976 zilikusanywa na kutolewa upya na lebo ya Strut ya Ulaya, yaani wakusanyaji wa huko wanazipigania wakati hapa ukimtaja Sunburst mtu anafikiri ni mafuta ya kula. Zisikilizeni kwa hedifoni. Gitaa limejaa vumbi la Marekani, ngoma zinakataa kuondoka nyumbani.

Na kioja kingine: mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU, wale wale wa Operesheni, wakawa na bendi yao ya dansi, Vijana Jazz. Chama kinakukataza sketi, halafu chama kinakupigia gitaa ucheze nayo. Enzi zile bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, ndiyo Msondo ya leo, kuna Polisi, kuna JKT. Mwanamuziki ni mwajiriwa, ana mshahara na sare ya jukwaani. Sare hizo ndizo ninazozichora. Mashati kumi ya aina moja, na kila mmoja ameivaa kwa ukaidi wake: huyu kafungua vifungo vitatu, yule kakunja mikono, wa saksafoni kaingiza leso.

Mbaraka Mwinshehe ndiye nguzo. Mtu wa Morogoro, aliyezaliwa 1944, na Morogoro Jazz wakafika mpaka Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa bado kijana kabisa. Nisikilizavyo mimi, gitaa lake halina haraka ya kufika. Linaeleza, linarudi nyuma, linaeleza tena kwa upole zaidi. Nikichora mkono wa mtu anayebembeleza namweka Mbaraka. Marijani Rajab nampigia kwenye picha za msongamano, kwa sababu anasimulia habari ya mtaa kama anayeisoma gazetini.

Kumbukeni pia kwamba santuri zile ndogo za mizunguko 45 mara nyingi zilikuja na mfuko wa kampuni tu, hazina sura ya mwanamuziki. Ukitaka kujua waimbaji walivaa nini, unarudi kwenye picha za studio na kumbukumbu za watu kama mzee wa hapo juu. Kwa hiyo sikio linapewa kila kitu na jicho linaachwa lijitegemee. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi.

Wakongo nao walibadilisha mji. Bendi ya Maquis walipokuja kutoka Zaire wakaweka makazi hapa walikuja na nyimbo na namna ya kuvaa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, amekufa 2010, lakini kituo cha daladala bado tunashuka Sinza kwa Remmy. Ni wasanii wangapi wana kituo?

Na nasikiliza singeli, msinione mzee. Sisso Studios pale Mburahati, kasi inapita mapigo 200 kwa dakika. Nikiwa naweka madoa kwenye Afro ndiyo dawa. Mkono unaacha kufikiri.

#13

Habari kutoka Nairobi. Hii thread ni moto. Mtu akitaja vitu vya kushika na mkono, mimi humkumbuka Michael Armitage. Amezaliwa hapa 1984, hachorei kanvasi ya kawaida, anatumia lubugo, lile gome la mti la Uganda ambalo hupigwa kwa nyundo hadi linakuwa kitambaa. Linakuwa na mashimo na mishono, na yeye hayafichi, picha inayazunguka. Halafu ako na Cyrus Kabiru, yule wa miwani za vyuma na vitu vya kutupwa. Kwetu vintage ni Gikomba, soko la mitumba. Ukifika mapema wakati belo inafunguliwa unapata kamera, yaani zile safi, ukichelewa unapata fagia, yaani mabaki.

#14 – Mleta uzi

Karibu sana jirani. Lubugo la Armitage ndilo lililonipa ujasiri wa kuuacha ubao wa silingi ubaki na kasoro zake. Kona iliyobonyea ilikuwa inanikera, siku hizi naifanya kiwiko cha mtu.

Umenifikisha kwenye MAVAZI. Chuo changu ni soko la mitumba la Karume, pale Mchikichini. Soko liliungua Januari 2022, watu walipoteza mitaji ya maisha, na bado wakarudi kwenye meza. Napenda kuwa pale belo linapokatwa kamba. Wafanyabiashara wanavuta zao za mtaji, jinzi na mashati ya ofisini. Mimi nasubiri yale ambayo hakuna anayeyataka: vigauni vya kitambaa kizito kisichokunjika, makoti ya kola ya ajabu, mashati ya maua makubwa.

Kwa wanaotaka kutofautisha nguo ya zamani na ile iliyotengenezwa juzi ikafanana na ya zamani, gusa kabla ya kutazama. Zipu kwanza. Ikiwa ya chuma, na imewekwa ubavuni au mgongoni kwenye gauni jepesi, kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla au karibu ya miaka ya sitini mwishoni. Zipu za nailoni zikatawala baadaye. Geuza nguo ndani nje. Lebo yenye maelezo ya kufua iliyoshonwa moja kwa moja ilikuwa ya lazima Marekani kuanzia 1972, kwa hiyo nguo ya Marekani isiyo nayo kabisa, wala alama ya kuchanwa, inastahili kuangaliwa mara mbili. Tazama pindo la chini: kama limeshonwa kwa mkono, na ndani kumeachwa kitambaa cha kutosha kushushwa mtoto akikua, ujue ilishonwa na mtu aliyetarajia nguo ikae miaka.

Nina gauni moja la rangi ya embe bivu, la aina hiyo. Kwapani upande wa kulia limeshonewa kiraka kidogo cha kitambaa chake lenyewe, kilichokatwa kutoka kwenye pindo. Yaani mtu mahali fulani duniani alilicheza mpaka likachanika, akalifupisha ili alitibu. Upande wa kushoto hauna kiraka. Aliyelivaa alikuwa anainua mkono wa kulia. Nimelichora gauni hilo mara nyingi, kila mara mwanamke ameinua mkono ule ule, na nyuma yake kuna bendi.

#15

Yote sawa, lakini mitumba imeua viwanda. Huo Urafiki uliousifia uko wapi leo? Unalia na kanga huku umevaa cha mzungu aliyekufa.

#16 – Mleta uzi

Hoja hiyo siikwepi, ina ukweli ndani yake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kutunyima nafuu za AGOA, ule mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi tukarudi nyuma, Rwanda ikakaza na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Lakini viwanda vyetu vilianza kuyumba kabla meza za Karume hazijajaa, kwa mashine chakavu, umeme, na uendeshaji. Mtumba ulikuta mlango uko wazi.

Mimi sinunui mtumba ili nionekane wa bei. Naununua kama kumbukumbu ya jinsi nguo inavyokatwa. Nikishamaliza kuuchora nampelekea fundi, anatoa mchoro wake, tunashona kwa kitenge cha hapa. Fundi wangu ni mtu mzima, ananiambia kola hizi alikuwa anazikata akiwa mwanafunzi. Anazikata bila kupima.

#17

Dada, kiutendaji. Kijana anayeanza hana hela, hana studio, aanze na nini?

#18 – Mleta uzi

Ubao wa silingi uliobaki kwa mafundi ujenzi, mara nyingi wanakupa au wanakuuzia kwa bei ya soda. Undakoti nyeupe, halafu kopo dogo dogo za rangi ya mafuta: nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, bluu. Usinunue kijani, changanya. Tepentaini ya kusafishia brashi, na uchoree sehemu yenye hewa, ile harufu si mchezo.

Kuhusu studio, nenda Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, wapo tangu 2008, wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena. Hata kama huna nafasi yako, siku za maonyesho unaingia, unaona watu wazima wanavyokosea na kurudia. Na mjue mambo yanasogea: 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, kwa mara ya kwanza, na mmoja wa waliokuwamo ni Lute Mwakisopile, anayechonga mbao na kuchapa. Mchoraji wetu Sam Ntiro picha yake ilinunuliwa na makumbusho ya MoMA New York mwaka 1960, kabla hata hatujapata uhuru. Mlango ule si mpya, ulikuwa umejaa utando tu.

Ila kabla ya Venice, muulize bibi yako alivaa nini 1968.

#19

Bibi yangu kasema hayanihusu.

#20 – Mleta uzi

Hahaha. Hilo ni jina la kanga tayari, nalichukua.

Wakuu, nina ombi moja. Nina picha za kutosha za Dar na Unguja. Nimekosa za Tanga, Moshi na Dodoma, hasa za studio kati ya 1968 na 1975, na hasa zinazoonyesha miguu. Wapiga picha wengi walikata magotini. Mwenye nayo, na familia imeridhia, inbox iko wazi. Sichapishi picha ya mtu, nachukua vazi na mkao tu.

#21

Ninayo ya mzee wangu, Tanga, amevaa raizoni na amekanyaga kiti cha studio. Nimemwomba hapa sasa hivi kakataa katakata, anasema yeye ni mzee wa msikiti.

#22 – Mleta uzi

Msalimie sana. Mwambie uso sitauhitaji, nataka viatu na kile kiti.